Kasi, Ukawiaji na Upitishaji: Namna ya Kulinganisha Zana za Huduma za Wavuti

Mwaka 2004 yalitokea mabishano baina ya kampuni mbili kubwa za Marekani, ambayo yafaa kukumbukwa na kila mtu ashughulikaye na upimaji wa programu. Kampuni ya Sun Microsystems, ndiyo iliyotunga lugha ya programu iitwayo Java, ilichapa taarifa ya jaribio lililopewa jina la WSTest, na kwa taarifa hiyo zana za Java zilionekana kuzishinda zana za .NET za kampuni ya Microsoft katika kutoa huduma za wavuti. Haukupita muda mrefu, Microsoft nayo ikatoa majibu yake. Ililichukua jaribio lile, ikalitunga upya kwa namna iliyoiona kuwa ya haki, ikaliendesha, na mshindi akageuka. Jaribio moja, mwaka mmoja, washindi wawili. Mtu asiyekuwa mjuzi wa mambo hayo angedhani kwamba mmoja wao alisema uwongo, lakini si lazima iwe hivyo. Yawezekana kabisa kwamba wote wawili walipima sawasawa, ila walichokipima hakikuwa kitu kimoja.

Kabla ya kuingia ndani ya jambo lenyewe, yapasa kueleza maana ya maneno. Huduma za wavuti ni mpango ambao kwa huo programu moja yaweza kuiuliza programu nyingine, iliyo katika mashine ya mbali, nayo ikajibu, hata kama programu hizo mbili zimeandikwa kwa lugha zisizofanana. Programu ya benki iliyoandikwa kwa Java na programu ya forodha iliyoandikwa kwa C hazifahamiani ndani kwa ndani. Kwa hiyo sharti pawe na barua baina yao, na barua hiyo iandikwe kwa kanuni iliyokubaliwa na wote. Kanuni ya maandishi hayo, yaani XML, ilitolewa mwaka 1998. Kanuni ya bahasha yake, iitwayo SOAP, ilitolewa katika sura yake ya 1.1 mwaka 2000, na ile ya 1.2 mwaka 2003. Mtunzi wa programu haandiki barua hizo kwa mkono wake mwenyewe. Huziachia zana, nazo huchukua namba na majina yaliyomo katika kumbukumbu ya mashine, huyageuza kuwa maandishi, huyatia katika bahasha, huyapeleka. Na upande wa pili zana nyingine huifungua bahasha na kuyarudisha maandishi kuwa namba na majina. Zana za namna hiyo ni nyingi: Apache Axis na mrithi wake Axis2, Apache CXF, gSOAP, zile za .NET, na nyinginezo. Zote hufanya kazi moja, wala hazifanyi kwa wepesi mmoja.

Hapa ndipo neno kasi linapoanza kuleta taabu. Kwa Kiswahili cha kila siku husemwa kwamba zana hii ina kasi kuliko ile, na msikilizaji huridhika. Lakini ndani ya neno hilo zimo maana mbili ambazo mpimaji hana budi kuzitenga. Ngalawa yenye upepo mzuri huwahi kufika. Jahazi hukawia, lakini likifika hushusha mzigo ambao ngalawa haziwezi kuubeba ila zikienda na kurudi mara nyingi. Ni kipi kati ya vyombo hivyo chenye kasi? Akiulizwa mtu anayengojea barua atasema ngalawa, na akiulizwa mwenye magunia ya karafuu atasema jahazi. Hali kadhalika zana yaweza kujibu swali moja upesi sana, lakini ikiulizwa na watu elfu kwa pamoja ikalemewa. Na nyingine yaweza kuchelewa kidogo kwa kila mmoja, lakini ikawahudumia elfu wote bila kutetereka. Muda anaoungoja mwulizaji mmoja hapa utaitwa ukawiaji, na wingi wa maswali yanayojibiwa kwa sekunde utaitwa upitishaji. Majina hayo yaweza kubadilishwa na wataalamu wa istilahi wakiona mengine yaliyo mazuri zaidi. Kinachotakiwa ni kwamba yasiwe jina moja. Taarifa yoyote ya Kiswahili isemayo tu kuwa zana fulani “ina kasi mara tatu” haijasema neno.

Sasa na itazamwe kazi yenyewe inayofanyika ndani ya zana. Mwaka 2002 Kenneth Chiu, Madhusudhan Govindaraju na Randall Bramley wa Chuo Kikuu cha Indiana walichunguza mipaka ya SOAP katika hesabu za kisayansi. Waliipasua kazi ya zana hatua kwa hatua, wakairekebisha kila hatua iliyoweza kurekebishwa, kisha wakaangalia ni nini kilichobaki kuwa kizito. Kilichobaki hakikuwa mtandao, wala bahasha, bali ni kule kugeuza namba zenye nukta kuwa maandishi na kuyarudisha maandishi kuwa namba. Jambo hili laweza kumshangaza msomaji, kwa maana kuandika namba huonekana kuwa kazi ndogo. Si ndogo. Ndani ya mashine namba yenye nukta ya aina ya kawaida huhifadhiwa kwa biti 64, yaani baiti 8, na huhifadhiwa kwa hesabu ya msingi wa mbili. Ili iandikwe kwa tarakimu za watu, bila kupotea hata chembe, yaweza kuhitaji tarakimu 17. Na ikiwa na alama ya kutoa, nukta, na kipeo chake, huweza kufika herufi 24. Ikizungukwa na lebo fupi ya kuifungua na ya kuifunga, kwa mfano lebo yenye neno “item”, huongezeka herufi 13. Hivyo kilichokuwa baiti 8 kimekuwa baiti 37. Namba 1,000, ambazo katika kumbukumbu ni baiti 8,000, huweza kusafiri zikiwa baiti 37,000, na njiani kila moja imegeuzwa mara mbili.

Tena kugeuza huko kuna hila zake. Ilichukua mpaka mwaka 1990 ndipo zilipochapwa kwa ukamilifu kanuni za kuandika namba hizo kwa usahihi, kazi ya Guy Steele na Jon White, na za kuzisoma kwa usahihi, kazi ya William Clinger. Na wataalamu wameendelea kutafuta njia za upesi zaidi, kama ile ya Florian Loitsch ya mwaka 2010 na ile ya Ulf Adams ya mwaka 2018. Zana iliyoandikwa kabla ya njia hizo na zana iliyoandikwa baada yake zikilinganishwa, huenda kinachopimwa si zana, bali ni umri wa maktaba ndogo iliyofichwa ndani yake. Si kosa la mpimaji, ila yampasa alijue.

Chiu na wenzake hawakupendekeza kwamba SOAP iongezewe viraka. Ushauri wao ulikuwa kwamba SOAP itumike kwa mapatano ya mwanzo, kisha wahusika wakikwisha kukubaliana wahamie katika itifaki nyingine ya biti tupu, iliyo nyepesi. Njia nyingine ilifuata mwaka 2005, nayo ni kanuni ya MTOM, ambayo huuacha mzigo wa baiti usafiri kando ya bahasha bila kugeuzwa maandishi. Kabla ya hapo desturi ilikuwa kuuandika mzigo kwa mtindo wa base64, ambao kwa kila baiti tatu hutoa herufi nne. Baiti 8,000 zile huwa herufi 10,668. Ni uzito wa kuvumilika ukilinganisha na 37,000, ingawa hapo mtu hawezi tena kuisoma barua kwa macho yake, na huko kusomeka ndiko kulikosifiwa sana SOAP ilipoanza.

Sehemu ya pili ya uzito ni kusoma bahasha. Zana ya kwanza ya Apache, iliyoitwa Apache SOAP, ilijenga kwanza mti mzima wa ujumbe katika kumbukumbu, ndipo ikaanza kutafuta inachokitaka. Axis iliyoifuata iliacha desturi hiyo, ikasoma ujumbe kama mto upitao, na Axis2 ikaingia katika mtindo ambao msomaji mwenyewe huvuta kipande anachokihitaji kwa wakati anaokihitaji. gSOAP, iliyotungwa na Robert van Engelen katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, ilikwenda mbali zaidi: huyasoma maelezo ya huduma kabla ya programu kuendeshwa, kisha huandika msimbo wa C au C++ uliokatwa kwa kipimo cha ujumbe huo, mfano wa kanzu iliyoshonwa kwa mtu mmoja. Kanzu hiyo hukaa vizuri sana, ila maelezo ya huduma yakibadilika sharti ishonwe upya.

Lakini wakati mwingine sababu ya kukawia haimo kabisa katika XML. Mwaka huo huo wa 2002 D. Davis na Manish Parashar wa Chuo Kikuu cha Rutgers walipima ukawiaji wa zana kadhaa za SOAP, wakizilinganisha na Java RMI, CORBA na HTTP tupu. Waligundua kwamba zana nyingi zilikuwa zikiupeleka ujumbe mmoja kwa kuuita mfumo endeshi mara kadhaa: mara moja kwa anwani, mara nyingine kwa bahasha, mara nyingine tena kwa mwili wa barua. Ubaya wa kufanya hivyo hauonekani mpaka zikumbukwe kanuni mbili za TCP. Kanuni ya kwanza, iliyoelezwa na John Nagle mwaka 1984, husema kwamba kipande kidogo kisipelekwe maadamu kipande kilichotangulia hakijapatiwa stakabadhi. Kanuni ya pili husema kwamba mpokeaji asiharakishe kutoa stakabadhi, bali angoje kidogo, huenda akapata jibu la kwenda nalo pamoja. Kila moja ni kanuni njema. Zikikutana, mpelekaji humngoja mpokeaji, na mpokeaji humngoja mpelekaji, mpaka saa ya mpokeaji iishe, ambayo katika mifumo mingi ilikuwa milisekunde 200. Kwa mashine ambayo humaliza kazi yake yote kwa milisekunde chache, huo ni muda mrefu mno. Dawa yake ni ndogo: kukusanya vipande vyote na kuvipeleka kwa pamoja, au kuizima kanuni ya Nagle. Mtu akitazama jedwali la matokeo tu, bila kujua hayo, atasema kwamba lugha fulani ya programu ni nzito; kumbe uzito wote umo katika mistari michache ya kuandikia soketi.

Jitihada iliyo nzuri zaidi ya kutafuta kipimo kimoja cha wote ilifanywa mwaka 2005 na Michael Head, Govindaraju na wenzao. Waliona kwamba hakuna “ujumbe wa kawaida”: mmoja hupeleka namba elfu, mwingine jina moja, mwingine hupeleka maumbo yenye vitu mchanganyiko, na zana iliyo bora kwa huyu si bora kwa yule. Basi wakatunga majaribio mengi, wakayaeleza kwa lugha ya WSDL ili kila zana iweze kuyasoma bila kubaguliwa, wakazipima gSOAP, Axis ya Java, XSUL na bSOAP. Hiyo bSOAP ina werevu wa pekee: huiweka nakala ya ujumbe iliyokwisha kuuandika, na ukitakiwa ujumbe unaofanana, huandika upya zile sehemu tu zilizobadilika. Ikipewa ujumbe ule ule mara elfu itaonekana kuwa ya ajabu, na ikipewa ujumbe mpya kila mara ajabu yake hupungua. Nani basi atasema kuwa jaribio la kurudia ujumbe mmoja ni la haki? Jibu hutegemea kazi ya mwenye kuchagua. Mwenye chombo cha kupimia joto kinachotuma taarifa ya umbo moja kila dakika atasema ni la haki kabisa.

Zana za Java zina tabia nyingine inayowahadaa wapimaji wengi. Programu ya Java huanza kuendeshwa polepole, nayo mashine huangalia ni vipande gani vinavyoitwa mara kwa mara, kisha huvigeuza kuwa msimbo wa mashine yenyewe. Kwa kipimo cha kale cha HotSpot upande wa seva, kipande kilingoja kiitwe mara 10,000 hivi kabla ya kugeuzwa. Mwenye kupima maswali 500 ya mwanzo ameipima Java ikiwa bado usingizini. Aidha, mara kwa mara mashine husimama ili kukusanya taka za kumbukumbu, na swali linaloingia wakati huo hungoja. Wastani huficha jambo hilo. Ichukuliwe mfano: maswali 99 yamejibiwa kwa milisekunde 10, na moja kwa milisekunde 2,000. Wastani ni karibu milisekunde 30, muda ambao hakuna hata swali moja lililoungoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Andy Georges, Dries Buytaert na Lieven Eeckhout, waliandika mwaka 2007 kwamba njia nyingi zilizokuwa zikitumiwa kupima Java zilikuwa dhaifu kitakwimu kiasi cha kuweza kutoa hukumu isiyo ya kweli, wakataka programu iendeshwe mara nyingi tangu mwanzo na mipaka ya kutokuwa na hakika ionyeshwe. Ushauri huo bado hupuuzwa na wengi.

Lipo jambo la mahali pia. Karibu vipimo vyote vilivyotajwa vilifanywa katika chumba kimoja, mashine mbili zikiwa zimeunganishwa kwa waya mfupi. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 2009, mawasiliano ya Kenya na Tanzania na nchi za ng’ambo yalitegemea sana setilaiti. Setilaiti za namna hiyo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali hupanda na kushuka, na jibu vivyo hivyo, na kwa mwendo wa nuru safari hiyo haiwezi kupungua sekunde 0.48. Kufungua njia ya TCP ni safari moja, na kuuliza ni safari ya pili. Huduma iliyotungwa ili iulizwe mara 20 kwa ajili ya mistari 20 ilimgharimu mtu wa Dar es Salaam karibu sekunde 10 za kungoja nuru peke yake, ambapo kama ingeulizwa mara moja kwa mistari yote asingengoja hata nusu sekunde zaidi ya ilivyo lazima. Mbele ya hesabu hiyo, ubingwa wa zana moja kuishinda nyingine kwa milisekunde tano ni jambo dogo. Nyaya za baharini zimeipunguza safari hiyo sana, lakini hazikuifuta.

Tangu wakati huo SOAP imepungua umashuhuri, ingawa haijafa. Benki na ofisi za serikali katika nchi nyingi bado huitumia. JSON, iliyo nyepesi kuandika, imeshika mahali pake pengi. Google ilitoa hadharani Protocol Buffers mwaka 2008 na gRPC mwaka 2015, na hizo hupeleka namba zikiwa baiti, sawa na ule ushauri wa watu wa Indiana. Mwaka 2019 Geoff Langdale na Daniel Lemire walionyesha kwamba hata JSON yenyewe yaweza kusomwa kwa gigabaiti kadhaa kwa sekunde, mradi amri za mashine zinazoshughulikia baiti nyingi kwa pigo moja zitumiwe vizuri. Hivyo kauli ya kwamba maandishi ni mazito kwa asili yake yataka kupunguzwa makali.

Kwa wanalugha, jaribio la kuvutia kuliko yote ni moja kati ya yale yaliyoanzishwa na kampuni ya TechEmpower mwaka 2013. Humo zana hutakiwa kusoma semi 12 kutoka hifadhidata, kuongeza ya kumi na tatu, kuzipanga na kuzitoa katika ukurasa. Mmoja wa semi hizo umeandikwa kwa Kijapani, na mwingine una alama za hatari ambazo zisipofunikwa vizuri zitageuka kuwa amri. Zana itakayowahi kwa kuharibu herufi hushindwa jaribio, hata ikiwa na upitishaji wa namna gani.

Jaribio kama hilo halijawa desturi kwa Kiswahili, na sababu za kulitaka zipo. Kiswahili cha herufi za Kirumi huonekana kuwa chepesi, kwa kuwa kila herufi yake ni baiti moja. Lakini neno ng'ombe likiandikwa kwa alama iliyonyooka ni baiti 7; likiandikwa kwa alama iliyopinda, kama wachapaji wapendavyo, ni baiti 9 katika usimbaji wa UTF-8; na zana ya XML inayoifunika alama hiyo kwa jina lake, &apos;, hulifanya baiti 12. Kwa mtu ni neno moja. Kwa mashine inayotafuta katika kamusi, lile la 7 na lile la 9 ni maneno mawili. Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ambacho miswada yake imehifadhiwa Dar es Salaam na London, hutumia baiti mbili kwa kila herufi na mbili kwa kila irabu, pamoja na herufi zilizoongezwa kwa sauti za p na ch. Ubeti wa utenzi una mizani 32. Ikichukuliwa kwamba kila mizani ni herufi moja na irabu yake, zitakuwa alama 64, yaani baiti 128. Moduli ya json ya lugha ya Python, isipoamriwa vingine, huandika kila alama ya namna hiyo kwa herufi sita: mkwaju wa kinyume, u, na tarakimu nne. Ubeti huo huo huwa baiti 384. Hakuna kinachopotea, kwa maana mpokeaji huurudisha kama ulivyokuwa. Lakini mwenye kupeleka mswada wa beti elfu atakuwa amelipa mara tatu kwa kutolijua chaguo moja dogo, na jaribio lililotungwa kwa maneno ya Kiingereza tu haliwezi kumwonyesha hasara hiyo.